Kimbilio la Bagamoyo: Makazi ya Waliotolewa Makwao katika Pwani ya Mrima

Mji wa Bagamoyo u katika pwani ya Mrima, kaskazini ya Dar es Salaam, ukielekeana na kisiwa cha Unguja. Kusini yake yako magofu ya kale ya Kaole, na kaskazini yake Mto Ruvu, ambao watu wa pwani waliuita Kingani, unaingia baharini. Habari za mji huu zimeandikwa mara nyingi, kwa kuwa hapo ndipo ilipokwisha njia kuu ya misafara iliyotoka Unyamwezi na Ujiji na pembe na watumwa. Lakini iko habari nyingine ya Bagamoyo ambayo haikutazamwa sana, nayo ni hii: katika nusu ya pili ya karne ya 19 watu wengi waliotolewa makwao kwa nguvu walikusanywa hapo, wakapewa ardhi, chakula, kazi na sheria, wakakaa chini ya ulinzi wa watu wasiokuwa ndugu zao. Makazi hayo yalikuwa miongoni mwa ya kwanza ya namna hiyo katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na maswali yaliyozuka humo ndiyo yanayozuka hata leo kila mahali penye kambi ya wakimbizi.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, maana maneno huonyesha jinsi watu walivyoyafikiri mambo. Kiswahili kina tendo *kukimbia* na tendo *kukimbilia*. Kukimbia ni kuondoka penye hatari. Kukimbilia ni kuelekea mahali au kwa mtu anayetumainiwa. Silabi moja tu imeongezwa, lakini maana yote imegeuka, kwa kuwa mtu wa kwanza ana adui tu, na wa pili ana adui na mwenyeji pia. Neno *mkimbizi* halituambii huyo mtu anakwenda wapi. Neno *kimbilio* ndilo linalotuambia. Tena liko neno la tatu, *mtoro*, ambalo lina hukumu ndani yake: mtoro ni mtu aliyemtoroka bwana wake au wajibu wake. Katika pwani ya karne ya 19 mtu mmoja aliweza kuitwa kwa majina hayo yote siku moja. Kwa mwenye kumdai alikuwa mtoro. Kwa aliyempokea alikuwa mkimbizi. Na yeye mwenyewe, pengine, alijihesabu kuwa mtu anayetafuta njia ya kurudi kwao.

Hali kadhalika, maneno ya uendeshaji wa kambi hayakuletwa na Wazungu. Burton, katika kitabu chake cha mwaka wa 1860 juu ya nchi za maziwa, alilitaja neno *kambi*, akiliandika kwa namna yake, kuwa ni kituo cha msafara chenye vibanda na boma la miiba. *Posho* ilikuwa chakula, au nguo ya kununulia chakula, aliyopewa mpagazi kwa kipimo. *Mnyapara* alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi. Kila mwaka maelfu ya wapagazi, hasa Wanyamwezi, walifika Bagamoyo wakakaa majuma au miezi wakingojea mizigo ya kurudi nayo bara. Walijenga vibanda vyao pembezoni mwa mji, kila kundi na mkuu wake, wakala posho yao, wakaugua, wakapona au wakafa. Basi wenyeji wa Bagamoyo walijua, kabla ya misheni yo yote, maana ya kuwa na wageni wengi kuliko wenyeji, na jinsi ya kuwagawia maji, kuni na mahali pa kulala. Lakini mpagazi alikuwa mtu mwenye kwao, na siku ya safari ilipofika aliondoka. Jambo jipya lilikuja walipofika watu wasioweza kurudi.

Watu hao waliletwa na misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Mwanzo wa misheni hiyo ulikuwa Unguja, ambako Padre Armand Fava alifika kutoka kisiwa cha Réunion mwaka wa 1860. Mwaka wa 1863 kazi ilipokewa na shirika la Roho Mtakatifu, na waliokuja kuishika walikuwa Padre Antoine Horner na Padre Etienne Baur. Mjini Unguja watoto walinunuliwa katika soko la watumwa ili waachwe huru, walelewe na wafundishwe kazi. Idadi yao ilipozidi, mji haukuwatosha. Mwaka wa 1868, kwa idhini ya Sayyid Majid bin Said, misheni ilipata ardhi Bagamoyo, na watoto wakavushwa bahari kuja bara. Watawa wa kike, Mabinti wa Maria kutoka Réunion, waliwashika wasichana na wagonjwa.

Ununuzi huo ulikuwa na shida yake. Anayelipa fedha sokoni ili kumtoa mtoto mmoja utumwani humlipa mfanya biashara aliyemleta, na mfanya biashara huyo anaweza kwenda kutafuta mtoto mwingine. Baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao kwao Sayyid Barghash alikubali kuyafunga masoko ya watumwa, shida hiyo ilipungua. Wengi walioletwa tangu hapo walikuwa watu waliokamatwa katika majahazi na manowari za Kiingereza na kukabidhiwa kwa misheni mbalimbali. Hata hivyo swali lenyewe halikufa. Mwenye kuwasaidia walioonewa hulazimika mara nyingi kupatana na wale walioonea, ama kwa fedha, ama kwa ruhusa, ama kwa kunyamaza.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya taabu. Kipindupindu cha mwaka wa 1869 na 1870 kiliua watu wengi katika Unguja na Mrima. Kisha tarehe 15 Aprili 1872 ikaja tufani kubwa iliyoivunja mikarafuu ya Unguja na kuyabomoa majengo ya misheni Bagamoyo. Watu waliokwisha kutolewa makwao mara moja walijikuta hawana dari tena. Misheni ilijengwa upya, na kwa kuwa haikuweza kutegemea sadaka za ng'ambo peke yake, ilitia nguvu zaidi katika mashamba. Minazi ilipandwa kwa wingi, na mimea mingine ilijaribiwa, kama vanila. Mafundi walifundishwa useremala, uashi na uhunzi. Vijana walipofikia umri wa kuoa walipewa mke, kibanda na kipande cha shamba katika kijiji cha Kikristo kilichojengwa karibu na nyumba ya mapadre. Kijiji hicho ndicho watu wa baadaye walichokiita kijiji cha uhuru. Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuja kuzungumza na Sayyid Barghash, alikizuru Bagamoyo mwaka wa 1873 na kuisifu misheni kuwa mfano wa kufuatwa.

Sifa hiyo ilikuwa na haki yake. Mtoto aliyefika akiwa mgonjwa na bila jina la ukoo alipata chakula, dawa, kazi ya mkono na watu wa kukaa nao. Lakini mwenye kuyapima makazi hayo kwa jina lake la uhuru hana budi kutazama pia jinsi siku ilivyopita. Kengele iliamsha watu, kengele iliwapeleka kanisani, shambani, chakulani na kitandani. Waliooa walifanya kazi ya misheni sehemu kubwa ya juma, wakabakiwa na siku chache kwa mashamba yao wenyewe. Ndoa, safari na makazi vilitaka ruhusa. Mapadre waliamini ya kuwa mtu aliyetoka utumwani apaswa kulindwa na dunia, na pengine alindwe na nafsi yake mwenyewe. Walioishi chini ya ulinzi huo hawakukubali wote. Baadhi walinung'unika juu ya kazi na malipo; baadhi walitoroka, wengine wakaenda kutafuta mabwana au jamaa mjini, wengine wakafuata misafara. Na hapo lile neno la zamani lilirudi: mtu aliyekwisha kuachwa huru aliitwa mtoro kwa kuliacha kimbilio lake.

Si haki kuona katika utoro huo ukosefu wa shukrani. Katika jamii ya Mrima uhuru haukuwa kukosa bwana tu. Mwungwana alikuwa mtu mwenye ukoo, mwenye mtaa, mwenye watu wa kumzika na kumwoza, mwenye sauti katika baraza. Mtumwa aliyeletwa karibuni aliitwa *mjinga*. Aliyezaliwa pwani aliitwa *mzalia*, naye alikuwa na heshima zaidi, kwa kuwa alikwisha kushikamana na mahali na watu wake. Ngazi za jamii hiyo zilipandwa kwa kujipatia uhusiano na watu wengine. Mtu wa kijiji cha misheni alipewa uhuru wa cheti, lakini hakupewa uhusiano huo na mji ulio umbali wa dakika chache kwa miguu. Aliyekwenda mjini, hata kama alikwenda kuwa chini ya mtu, pengine aliona kwamba anakwenda kuwa mtu wa mahali.

Mambo kama haya yalitokea kaskazini pia, katika pwani ya Mombasa. Mwaka wa 1875 Church Missionary Society ilianzisha Frere Town kwa watu waliookolewa na manowari. James Mbotela, aliyekuwa wa uzao wa watu hao, alieleza habari zao katika kitabu chake *Uhuru wa Watumwa*, kilichotolewa mwaka wa 1934. Nacho ni ushahidi wa thamani, kwa kuwa wengi walioandika juu ya makazi hayo walikuwa wasimamizi, naye aliandika kwa niaba ya waliosimamiwa. Huko nako kengele iliyatawala maisha, hata jina la Kengeleni likabaki Mombasa mpaka leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko juu ya adhabu kali zilizotolewa hapo yalichunguzwa, na usimamizi ukabadilishwa. Jambo hilo lastahili kukumbukwa: mwenye kuwalinda watu wasio na pa kwenda ana nguvu nyingi juu yao, na nguvu hiyo yataka mtu mwingine wa kuitazama.

Rabai, iliyo bara ya Mombasa, shida ilikuwa ya namna nyingine. Huko watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walijiunga na watu wa misheni, mwenyeji mashuhuri wa hapo akiwa William Jones, Mwafrika aliyekuwa mtumwa zamani na baadaye akawa mchungaji. Mwaka wa 1888 wenye watumwa walidai watu wao, na hatari ya vita ikakaribia. George Mackenzie wa Imperial British East Africa Company aliona heri kulipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Hapa tofauti ya mtoro na mkimbizi ilifutwa kwa karatasi. Na karatasi hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu fedha zilikwisha kulipwa.

Wakati huo huo Bagamoyo ilikuwa katika msiba mkubwa zaidi. Kwa mkataba wa tarehe 28 Aprili 1888 Sayyid Khalifa aliwaachia Wadachi wa kampuni yao utawala wa pwani ya Mrima, nao wakaanza kuushika mwezi wa Agosti. Kutokuheshimu kwao desturi za watu, bendera, kodi na vyeo vya wakubwa wa pwani kulileta vita. Katika Bagamoyo mapigano makali yalitokea tarehe 22 Septemba 1888, askari wa majini wa manowari ya Kidachi waliposhuka pwani, na watu wengi wakauawa. Kisha Bushiri bin Salim al-Harthi akaja na watu wake kutoka Pangani. Tangu tarehe 2 Desemba manowari za Wadachi na Waingereza zilizuia vyombo vya baharini kupakua silaha au kuchukua watumwa. Mji ulipigwa kwa mizinga kutoka baharini na kushambuliwa kutoka bara. Sehemu zake nyingi ziliteketea, na watu wakakimbia.

Wengine walivuka kwenda Unguja, wengine waliingia bara. Maelfu walikimbilia misheni. Walijenga vibanda chini ya minazi, wakachota maji katika visima vya misheni, na majeruhi wakatibiwa humo. Hapo ndipo makazi ya Bagamoyo yalipogeuka sura. Waliokuja sasa hawakuwa watoto wa soko la Unguja wasiojua lugha ya pwani. Walikuwa watu wa mji wenyewe, wenye ukoo na mitaa, Waislamu kwa Wakristo, waungwana kwa watumwa, pamoja na Wazaramo na watu wengine wa vijiji vya jirani. Hawakuvuka mpaka wa nchi. Waliondoka nyumbani kwao wakaenda mwendo mfupi, hata moshi wa nyumba zao waliweza kuuona. Watu wa namna hiyo leo huitwa wakimbizi wa ndani, na mataifa yamewawekea kanuni: Umoja wa Mataifa mwaka wa 1998, na Umoja wa Afrika katika mkataba uliofanywa Kampala mwaka wa 2009. Mwaka wa 1888 hapakuwa na kanuni yo yote. Palikuwa na makubaliano ya watu wawili tu.

Padre Etienne Baur alikuwa amekaa pwani miaka ishirini na mitano, akajua Kiswahili na desturi. Bushiri aliahidi kwamba misheni ya Bagamoyo haitaguswa, na ahadi hiyo aliitimiza. Sababu yake haikuwa huruma kwa kila Mzungu au kila misheni, kwa kuwa tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Wabenediktini wa Pugu ilishambuliwa, wengine wakauawa na wengine kuchukuliwa mateka. Misheni ya Pugu ilikuwa ya Wadachi na ilikuwa mpya. Ya Bagamoyo ilikuwa imeingia mahali hapo kwa idhini ya Sayyid wa Unguja, ikaishi na watu miaka ishirini kabla ya bendera ya Kidachi. Tena mapadre wa Bagamoyo ndio waliokuwa wapatanishi katika kukombolewa kwa mateka wa Pugu. Kwa hiyo ulinzi wa wale maelfu chini ya minazi ulitoka katika jambo ambalo haliwezi kununuliwa siku ya vita, yaani kujulikana na pande zote mbili kabla vita havijaanza.

Mwezi wa Mei 1889 Hermann Wissmann, aliyekuja na askari wa kukodiwa kutoka Misri na Msumbiji, aliivunja kambi ya Bushiri karibu na Bagamoyo. Bushiri alikamatwa baadaye, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Sadani alisalimu amri mwaka wa 1890. Wakimbizi walirudi mjini kidogo kidogo. Lakini mji walioukuta ulikuwa na bwana mwingine, na mwaka wa 1891 makao makuu ya Wadachi yalihamishiwa Dar es Salaam, na biashara ikaanza kuifuata serikali. Kwa wengi kurudi nyumbani kulikuwa kurudi penye kiwanja chao, wala hawakuyakuta maisha waliyoyaacha.

Ukilinganisha makundi haya mawili ya Bagamoyo, tofauti yao yaonekana wazi. Watu wa mwaka 1888 walipewa kidogo kuliko watoto wa mwaka 1868: hawakupewa shule, wala ufundi, wala mashamba. Walipewa mahali, maji na usalama wa miezi kadha. Lakini kambi yao ilivunjika yenyewe, kwa kuwa kila mmoja alijua mtaa wake uko wapi na nani atamtambua. Watoto wa soko walipewa kila kitu isipokuwa hicho. Ndiyo sababu makazi yao yalidumu, na kudumu kwake kulionyesha upungufu kama kulivyoonyesha mafanikio.

Iko habari moja ya pwani hiyo hiyo inayoonyesha jambo hili kwa namna ya ajabu. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga nchi ya Uzigua, iliyo bara ya Sadani na Pangani. Wazigua wengi walishuka pwani kutafuta chakula, wakauzwa au wakadanganywa kwa ahadi ya kazi, wakapelekwa katika mashamba ya Benadiri, nchi ya Wasomali. Kwa masimulizi ya wazao wao, baadhi yao walitoroka wakiongozwa na mwanamke aitwaye Wanakhucha, wakakusudia kurudi Uzigua kwa miguu. Njia ikawashinda, wakakaa katika misitu ya Mto Juba. Humo walilima na kuishi kwa vizazi vingi, na wengi wao hawakuiacha lugha ya Kizigua. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka wa 1991, watu hao walinyang'anywa na kuuawa, wakakimbia tena. Wengi waliingia kambi za Kenya, na baadaye maelfu yao wakapokewa Marekani. Wengine walishika njia ya bahari wakafika Tanzania, na mwaka wa 2003 wakapewa makazi Chogo, katika wilaya ya Handeni, yaani katika Uzigua yenyewe. Waliposema, wenyeji waliwasikia. Matamshi yalikuwa na tofauti, na maneno mengine yalikuwa ya Kisomali, lakini lugha ilikuwa moja. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi ya kulima, na baadaye wengi wakapewa uraia.

Kwa kisheria watu wa Chogo walikuwa wakimbizi kutoka nchi ya kigeni. Kwa lugha yao walikuwa watu waliorudi baada ya miaka zaidi ya mia moja na hamsini. Lugha iliwafanyia kazi ambayo watoto wa Bagamoyo hawakuweza kufanyiwa, wao waliochanganywa kutoka nchi za Nyasa, Uyao na kwingineko, wakabaki na Kiswahili tu, lugha ya wote, isiyoweza kumtambulisha ye yote kwa ukoo wake. Hata hivyo Kiswahili nacho kiliwajengea watu hao udugu mpya, na wazao wao wakawa watu wa pwani kama wengine. Padre Charles Sacleux, aliyefika pwani hii mwaka wa 1879 na ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapwa miaka ya 1939 hadi 1941, alifanya kazi yake katika misheni hizo hizo zilizojaa watu wa lugha nyingi.

Mambo matatu basi yapaswa kuulizwa juu ya kila kimbilio. La kwanza, limesimama juu ya ardhi ya nani na kwa makubaliano gani. Kwa hilo misheni ya Bagamoyo ilisalimika pale ya Pugu ilipoangamia. La pili, nani amtazama mwenye kugawa posho na adhabu. Kwa hilo Frere Town ililazimika kubadilishwa. La tatu, mlango wa kutokea uko wapi, na nje ya mlango huo yuko nani wa kumtambua mtu kwa jina lake. Mashirika ya siku hizi yanalitazama la kwanza na la pili kwa bidii, yakiwa na sheria na hesabu zake. La tatu haliwezi kuwekwa katika hesabu kwa urahisi. Makaburi ya misheni ya Bagamoyo yana watu wengi waliolishwa, wakatibiwa na kuzikwa kwa heshima, na ambao hakuna aliyejua tena kijiji walikozaliwa.